Somo la Shimoni

Nikiulizwa chuoni nilipenda somo gani, sijivungi: udongo. Wenzangu walilikimbia kwa sababu lilichafua. Ilikuwa ile miaka ambayo serikali ilianza kuachia kila kitu kijiendeshe chenyewe. Maduka ya Morogoro yalijaa tena sabuni na khanga, na sisi wanafunzi tukaanza kuambiwa tuchangie masomo yetu. Suruali safi ilikuwa mali. Halafu Ijumaa mchana mtu anakuambia uingie shimoni.

Mwalimu wetu alikuwa mtu mfupi wa Bukoba, mpole, mkali kwa jambo moja tu. Kila shamba tulilokwenda alichimbisha shimo la kimo cha mtu, na hakuna aliyeruhusiwa kutamka neno kuhusu shamba hilo kabla ya kushuka. Ukishuka unapapasa ukuta wa shimo kuanzia juu kwenda chini, unachukua udongo kidogo, unautemea mate, unausokota vidoleni, unasema unachokiona: hapa mweusi, hapa unaanza kuwa mwekundu, hapa mizizi imekoma. Aliyeropoka kabla ya kushuka alibeba majembe ya darasa zima mpaka chuoni. Mimi niliyabeba mara mbili, nikakoma. Au nilidhani nimekoma.

Nililipenda somo lile kwa namna ambayo naona haya kuieleza. Mle shimoni kulikuwa na ubaridi na harufu ya mvua, sauti za wenzangu zinasikika kwa mbali huko juu, na kwa mara ya kwanza niliona kuwa kuzaliwa Matombo, milimani kwa wakulima, si kasoro. Siku moja Mwalimu aliwaambia wenzangu waangalie vidole vyangu, kwamba vimezaliwa na kazi ile. Nilitembea na sifa hiyo wiki nzima kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Likizo ya mwaka wa pili nikapanda kwetu na daftari langu. Mama alikuwa anaishi peke yake, na riziki yake yote ilikuwa shamba moja la mteremkoni, la mahindi na maharage. Lilikuwa la ukoo wake, na baada yake lingekuwa langu. Mteremko wenyewe ni mkali kiasi kwamba ukiangusha boga unalifuata kwa jirani. Nikamwambia tulikate ngazi, kama nilivyofundishwa, ili mvua zisiendelee kuubeba udongo wake kwenda mtoni. Akauliza kama ndivyo tulivyosoma. Nikasema ndivyo. Akaenda kuwaita majirani waje kusaidia.

Sikuchimba shimo. Nilicheza pale tangu utotoni, nichimbe nini? Na kusema kweli niliona aibu, msomi mzima nionekane na wanakijiji nimezama ardhini nautemea udongo mate. Tulikata ngazi kwa wiki mbili, ngazi nzuri zilizonyooka, nami nikawa nazipita moja moja nikijiona bwana shamba. Udongo wa chini ukaja juu, wa juu ukafukiwa.

Daftari lilisema ngazi mpya zitiwe mbolea misimu ya mwanzo. Zamani mbolea ilikuja kupitia chama cha ushirika, kwa ruzuku. Msimu ule ruzuku ilikuwa imefutwa na ghala la ushirika lina kufuli. Mbolea ilikuwepo mjini, kwenye maduka ya watu binafsi, kwa bei ambayo Mama hakuthubutu kuiuliza mara mbili. Mahindi yakatoka ya njano, yakafika magotini, yakadumaa hapo hapo. Msimu wa pili hivyo hivyo. Mimi sikujua. Barua za Mama, katekista akimwandikia, zilisema shamba linaendelea vizuri na nisome kwa bidii.

Nilipopanda tena na kujionea mwenyewe, nilichukua jembe nikaenda kwenye ukingo ambao hatukuugusa, nikachimba huku nalia. Mama akanikuta humo. Akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia nataka kujua udongo mweusi ulikuwa unaishia wapi.

Akakunjua kiganja, akapima hewani, kutoka kidole gumba mpaka kidole cha mwisho.

"Shubiri moja," akasema. "Chini yake hakioti kitu. Bibi yako alinionyesha nikiwa mdogo."

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Wewe ndiye uliyesoma, mwanangu. Nilidhani huko chuoni mmeshaipata dawa yake."

Hakusema kwa kunisuta. Angenisuta ningepata pa kushika. Alinyoosha mkono akanivuta nitoke shimoni, akanipangusa matope miguuni kwa khanga yake, akaniambia twende tukale.

Mwaka uliofuata alihamia Kisaki kwa dada yake, akalima kipande cha kuazima huko tambarare, kwenye joto alilolichukia. Ndiko alikozikwa. Mwalimu sikumwambia kamwe. Nilifaulu somo lake kuliko wote, akanipa mkono mbele ya darasa, nami nikaupokea.