Nyuzi Nilizozikata Uwanja wa Ndege

Kwanza nikuombe kitu kimoja: usiniulize kama nilikuwa nimelewa. Sinywi. Wala usiniulize kama ilikuwa usiku, maana kila ninayemsimulia huanza na hilo, kana kwamba mambo ya ajabu yana saa zao za kazi. Ilikuwa Jumamosi adhuhuri, jua linawaka, ghorofa ya tisa, Mount Dennis hapa hapa Toronto, na mke wangu alikuwepo akaona kwa macho yake. Yeye hapendi nikisimulia. Mimi nimechoka kunyamaza.

Mwaka 2009 nilikuwa nafanya kazi kwa Bwana Amin, mzee wa Kiismailia mzaliwa wa Moshi, aliyekuwa na ofisi ndogo ya safari. Alitaka kuanza kupeleka wateja Laos: mahekalu, vijiji, kulala kwa wenyeji. "Kijana, tangulia wewe," akaniambia. "Ule wanachokula, ulale wanapolala, uniletee ripoti. Sitaki mteja aje kunililia hapa." Mke wangu, Mama Tunu, alichukia. "Kwenu Morogoro hujakanyaga miaka sita, leo Laos?" Nikaenda hivyo hivyo.

Na ukweli ni kwamba nilipapenda mno. Alfajiri watawa wanapita peku mstari mmoja, wamevaa mashuka ya rangi ya chungwa, na watu wamepiga magoti kando ya barabara na vikapu vya wali wa kunata, kila mtawa anatiliwa tonge lake, kimya, bila kusukumana. Kijijini nilikaa siku kumi kwa Mama Keo, mjane mwenye nyumba ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo. Aliyekuwa akinitafsiria ni Bwana Somchit, kiongozi wa wageni, mtu wa rika langu, Kiingereza chake kizuri kuliko changu. Nilipandikiza mpunga hadi kiuno kikagoma. Nilicheka na watu ambao hatukuelewana neno. Unajua ni lini mara ya mwisho nilikuwa nimecheka hivyo Toronto? Mimi sijui.

Siku ya kuondoka, Mama Keo aliandaa sherehe ya kuniaga. Sinia la maua na majani ya mgomba, mayai ya kuchemsha, wali, na nyuzi nyeupe za pamba. Jirani mmoja baada ya mwingine alinifunga uzi kwenye kifundo cha mkono huku akininong'onezea dua yake. Somchit akanieleza: mtu ana roho ndogo thelathini na mbili, nazo zinapenda kutangatanga. Msafiri akifurahi mahali, baadhi hubaki. Nyuzi ndizo zinazozishika mpaka afike kwake.

"Siku tatu usizitoe," akasema. "Na ukizitoa, zifungue kwa vidole. Usizikate."

Nilisikia vizuri kabisa. Tena niliandika kwenye daftari la ripoti: wageni waelezwe jambo hili. Wageni waelezwe! Mimi!

Sasa nikueleze nyumbani kwangu. Mama Tunu ni binti wa mwalimu wa madrasa, Tanga. Kwake uzi mkononi ni hirizi, na hirizi ni shirki, hapo hakuna mjadala. Nami nilikuwa nakwenda kumbishia hodi na nyuzi ishirini na kitu. Nilimwona kabisa pale mlangoni, mikono kiunoni. Basi tulipotua Toronto, siku ya pili haijaisha, nikachukua sanduku langu, nikaingia msalani pale pale uwanja wa ndege, nikatoa kikata kucha, nikazikata moja moja, nikazitupa kwenye pipa. Kwa kuogopa ugomvi wa dakika tano. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mlango wa kutokea ni ule wa vioo, unaojifungua wenyewe. Haukufunguka. Nikarudi nyuma, nikasogea, nikapunga mikono kama mwendawazimu. Wapi! Mpaka mama mmoja alipokuja na mizigo yake, ndipo nikapenya nyuma yake.

Binti yetu Tunu alikuwa na miaka mitano. Kawaida nikifungua mlango ananirukia kabla sijavua viatu. Siku hiyo alikuja mbio, akasimama ghafla, akanitazama juu hadi chini, kisha akarudi kumshika mama yake sketi.

"Huyu siyo Baba," akasema. Alisema kwa Kiingereza, kama anavyojibu siku zote.

Tulicheka. Nikamwambia Mama Tunu mtoto amenuna tu. Lakini kesho yake ilikuwa vile vile, na keshokutwa. Nikikaa naye mezani, anabeba sahani yake anakwenda kulia chumbani. Nikimpa mkono tuvuke barabara, anauficha mgongoni. Jioni anakaa karibu na dirisha akimngoja baba yake, na mimi nimekaa kwenye kochi nyuma yake! Wiki tatu. Hebu jiweke mahali pangu.

Huko nje nako ilikuwa karaha tupu. Basi la Weston Road lilinipita nikiwa peke yangu kituoni nimenyoosha mkono. Kwenye foleni ya kahawa walimhudumia aliye nyuma yangu. Siku moja nimekaa kwenye kiti changu ofisini tangu saa tatu, Bwana Amin anatoka chumbani kwake anauliza wenzangu kama nimefika. Nikajibu, "Nipo, bwana." Akashtuka mpaka akamwaga chai. Daktari alinipima damu, akasema niko sawasawa. Sheikh alinisomea, naye akasema niko sawasawa. Nilikuwa nakaribia kumpiga mtu.

Wiki ya tatu Somchit akapiga simu ofisini, kakasirika. "Rafiki, si vizuri hivyo. Umerudi kijijini bila hata kunijulisha?"

Nikamwambia niko Toronto.

"Usinitanie. Mama Keo anakuona kila alfajiri. Unapiga magoti na watu barabarani, kikapu chako kitupu. Kisha unakuja kukaa kwenye ngazi zake. Anakusemesha hujibu. Anakuwekea wali, huli. Jana nimekwenda mwenyewe nikakuona kwa macho yangu."

Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Zile nyuzi, ulizikata?"

Nikamwambia. Ningefanyaje?

Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alisema Mama Keo atamfungia safari yule mimi aliyebaki kule, Jumamosi. Ila huku lazima mtu wa nyumbani kwangu asimame mlangoni amwite kwa jina, kuwe na yai na wali, na akifika afungwe uzi mweupe. Mimi mwenyewe kuita hakufai. Nani anajiita?

Mama Tunu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akachemka. "Nisimame koridoni nimwite mume ambaye amekaa kwenye kochi langu? Baba yangu akisikia je? Uliondoka mtu mzima ukarudi na uganga!" Tuligombana siku tatu, ugomvi ule ule nilioukimbia uwanja wa ndege, safari hii na riba yake juu.

Ijumaa usiku tulimsikia Tunu chumbani kwake akiomba dua. Alichanganya lugha, kidogo Kiingereza, kidogo Kiarabu cha madrasa. Alikuwa anamwomba Mungu amrudishe baba yake, na kama amekufa basi aambiwe tu, asingoje. Mama Tunu aliweka chini nguo aliyokuwa akikunja. Hakunitazama. Akaenda jikoni akabandika yai.

Jumamosi adhuhuri akaufungua mlango wa nyumba, akavaa ushungi wake vizuri, akatoka koridoni akaniita. Jina langu kamili, na la baba yangu. Mara ya kwanza aliita kwa sauti ya chini, majirani wasisikie. Mara ya pili jirani Mjamaika akatoa kichwa akauliza kama tumepotelewa na paka. Mama Tunu akamwambia ni mume. Mara ya tatu aliita huku analia, akasema, "Njoo nyumbani, mtoto anakungoja, nami nakungoja."

Lifti ikafunguka.

Niamini. Nilikuwa kwenye kochi, mlango uko wazi mbele yangu, nikajiona natoka kwenye lifti. Peku, matope mekundu hadi vifundoni, shati la bluu nililolisahau kwenye kamba ya Mama Keo. Alitembea polepole, kama aliyechoka sana. Jirani hakuona kitu, alikuwa bado anazungumzia paka. Lakini Mama Tunu alirudi nyuma hadi ukutani, na Tunu akapiga kelele moja, "Baba!", akatoka mbio akamkumbatia miguu. Unajua inauma vipi kumwona mtoto wako akimkimbilia mwingine, na huyo mwingine ni wewe?

Akamshika mkono akamleta ndani. Yule mtu akanitazama kama abiria anayemkuta mwenzake kwenye kiti chake. Hakuwa na hasira. Tunu ndiye aliyekuwa na hasira. "Sogea," akaniambia.

Nikasogea. Yule mtu akakaa. Sijui niseme nini zaidi ya hapo. Nilisikia uzito, na baridi ya maji ya shambani miguuni, na njaa ya wiki tatu, nikalila lile yai bila kumenya vizuri. Mama Tunu alichukua uzi mweupe kwenye kopo lake la kushonea, akanifunga mikono yote miwili huku akisoma Ayatul Kursi. Tunu alikuwa amelala mapajani mwangu. Kwenye zulia palikuwa na nyayo za matope kutoka mlangoni hadi kwenye kochi. Tuliosha, lakini doa halikutoka.

Basi nakuonya, wewe unayepanga kwenda Laos au kokote ambako watu watakupenda: wakikufunga uzi, rudi nao. Mkeo akiuliza, gombaneni. Ugomvi huisha.

Ila usidhani nimepona moja kwa moja. Mwaka 2017 mama yangu alifariki Morogoro. Nilikwenda nikamzika, nikakaa wiki mbili kwenye nyumba yake nikipanga vyombo vyake, nikarudi. Tunu alikuwa na miaka kumi na mitatu, mrefu kunizidi mabega. Alinifungulia mlango, akanitazama juu hadi chini, uso ukambadilika. Akanishika mkono kwa upole, kama mtu anayemshika mgonjwa.

"Baba," akasema, na safari hii kwa Kiswahili, "umeacha roho ngapi huko?"

Nilitaka kumjibu. Nikahesabu moyoni, jikoni kwa mama, kitandani kwake, pale makaburini, na sikuweza kumaliza.