Tundu la Tano

Mume wangu, Urbanus Kyengo, hukata gasketi. Nikisema hivyo kanisani watu hunitazama tu, kwa hiyo naeleza: ni ile karatasi ngumu inayokaa katikati ya vyuma viwili vya injini ili oili isivuje. Za dukani zipo, lakini kuna injini zilizozeeka kuliko hayo maduka. Hizo huletwa kwake, kwenye vibanda vya mafundi vya Jua Kali hapa Thika. Mimi nauza chai kibanda cha pili, kwa hiyo kila ujinga wake nauona.

Na ujinga anao. Amekata katoni za biskuti, bahasha za kaki, hata jalada la kalenda yangu ya Akina Mama, tena Agosti haijaisha! Tangi la petroli likitoboka, hulisugua kwa sabuni ya kipande ili lisivuje mpaka gari lifike nyumbani. Silikoni, ile gundi ya kuzibia, haitaki. Anasema vijana huikamua kama dawa ya meno, ikajisokota huko ndani na kuziba njia ya oili. Yeye hupaka chuma oili, akakandamiza karatasi kwa dole gumba hadi alama itokee, kisha akagonga kando kando kwa nyundo, ko ko ko, bila haraka. Matundu huyatoboa kwa gololi ya beringi: anaiweka juu ya alama, pigo moja, duara safi. Mwisho huyapapasa kwa kidole akihesabu kwa Kikamba. Nampenda sana akihesabu.

Lakini tangu Pasaka macho yake yameingia ukungu. Siku moja aliupungia mkono mkokoteni wa maji akidhani ni Mbaluka, jirani yetu. Nilicheka, kisha nikaenda nyuma ya kibanda nikalia. Hospitalini tumepewa zamu ya kupasuliwa Desemba. Na fundi asiyeona, nani atampa injini? Tukanyamaza, hata sisi kwa sisi.

Siku ya Jumanne mkulima mmoja, Muriithi, akaleta trekta lake la kulimia.

"Mzee, nimezunguka Ruiru mpaka Nairobi, gasketi ya hii filta ya oili hakuna. Na mvua ndiyo hiyo. Itatoka leo kweli?"

"Kaa hapo unywe chai," Kyengo akamwambia.

Aligonga huku Muriithi akimsimulia habari za mahindi, bila kupumua. Alipomaliza aliiacha gasketi mezani, akaenda kunawa mikono. Hakuhesabu. Nikaitazama: matundu manne. Chuma kilikuwa na matano, na lililokosekana lilikuwa lile dogo la kupitisha oili. Injini ingekauka na kukwama shambani, na kufikia jioni Jua Kali nzima ingejua sababu.

Nilichukua msumari nikalitoboa mwenyewe, nikalainisha kingo kwa kijiko, nikairudisha palepale.

Alirudi, akaanza kuhesabu. Kwenye la tano kidole kikasimama. Mimi nilikuwa nikimmiminia Muriithi chai, ikafurika hadi kwenye sahani.

"Mama Dianah," akaniita kwa sauti ya chini. "Hili limetobolewa na msumari."

Nilitaka kudanganya. Miaka thelathini na mmoja, na bado sijajua kumdanganya mtu huyu.

"Ulikuwa umelisahau," nikasema.

"Sikulisahau. Sikuliona."

Hiyo ndiyo mara ya kwanza alipolikiri jambo hilo kwa mdomo wake. Akaichana gasketi vipande viwili, akatandaza karatasi mpya juu ya chuma, akagonga kingo na yale manne makubwa, akiyafuata kwa dole gumba. Kisha akanitilia gololi mkononi.

"Hili dogo niwekee wewe. Alama unaiona?"

"Naiona. Lakini Muriithi anatuangalia."

"Aangalie."

Nikaiweka gololi juu ya alama, nikaishika kwa vidole viwili isiteleze. Kyengo akainua nyundo, macho yake yakitafuta mahali pa kushukia. Aliogopa kuliko mimi, nilimwona.

"Toa vidole," akasema.

Sikuvitoa.