Firigisi ya Jogoo wa Posa

Wiki iliyopita binti yangu aliona kwenye simu namna ya kupika mishikaki ya kuku kwa rojo la karanga, akasema Jumamosi lazima tujaribu. Nikamnunulia kila alichotaka. Nilikuwa sebuleni nakunja nguo pale karanga zilipoanza kualika kikaangoni, na harufu yake ikanijia imechanganyika na mchaichai na kitunguu saumu. Nikaweka nguo chini nikatoka nje. Binti yangu alidhani moshi umeniingia machoni, nami nikamwacha adhani hivyo, maana habari yenyewe inamhusu bibi yake, na bibi yake anampenda sana.

Ninyi nitawaambia.

Harufu ile kwangu ni ya jiko la nyumbani kwetu Magamba, kule juu ambako ukungu huingia mpaka chumbani bila kubisha hodi. Na ni harufu ya mtu mmoja, Shangazi Naomi, mdogo wake baba. Kabla hajaja kuishi kwetu alikuwa mpishi katika nyumba ya wageni karibu na msitu. Mwaka mmoja alifika pale mama mmoja kutoka Indonesia, alikuja kuangalia ndege. Akala chipsi mpaka zikamtoka puani, mwishowe akaomba aingie jikoni mwenyewe. Huyo ndiye aliyemfundisha Shangazi kuku wa vijiti na rojo lake la karanga, chakula walichokiita sate. Yule mama akarudi kwao, sate ikabaki mikononi mwa Shangazi.

Kisha Mama akajifungua mdogo wetu wa mwisho, akaugua. Baba akaenda kumwita dada yake: njoo umshike wifi yako mkono, miezi michache tu. Shangazi akaacha kazi akaja. Mama akapona. Akarudi kwenye kwaya, akaanza kuteremka Lushoto mjini siku za soko na karoti na kabichi, akanenepa kidogo, akapendeza. Lakini ile miezi michache haikuisha. Shangazi ndiye aliyetangulia kuamka na kuwasha moto. Ndiye aliyelima maharage kwenye matuta ya mteremkoni, ndiye aliyetuogesha, ndiye aliyetutoa funza, na hizo kabichi alizouza Mama, aliyezipanda na kuzibeba mpaka barabarani ni Shangazi. Mama alikuwa akisema mbele za watu, "Wifi yangu huyu ni zawadi ya Mungu." Alisema kweli, ila sikujua kwamba kuna watu ambao zawadi hawairudishi.

Ndipo akatokea Zakaria. Alikuwa fundi seremala wa Mlola, mjane, mpole, kaitwa kutengeneza mabenchi ya kanisa letu. Upande wa akina mama alitengeneza hata mabenchi ambayo hayakuwa yamevunjika. Shangazi naye akaanza kuimba akiosha vyombo, jambo ambalo hatukuwa tumelisikia. Haukupita muda mshenga akaja, Baba akakubali, ikapangwa kwamba wazee wa Mlola wapande Jumapili baada ya ibada, wale, wazungumze.

"Jogoo ni mmoja," Baba akasema. "Ugomvi wa mapaja mtaujua wenyewe."

"Atatosha, kaka," Shangazi akamjibu. "Nitampika kwa vijiti. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali."

Hapa lazima niwaeleze jambo, hasa ninyi mliokulia mjini mnaonunua kuku kwa vipande. Kwetu kuku wa mgeni haliwi tu, anasomwa. Kila kiungo kina mwenyewe, na firigisi ni ya mzee wa wageni. Akiikosa kwenye sahani, maana yake ama mmemdharau, ama mwanamke wa jikoni kaila, na mwanamke anayekula firigisi, wazee walisema, hatamwachia mume kitu. Sisi wasichana tuliambiwa tukiigusa tutakuwa majeuri na hakuna atakayetuoa. Shangazi alikuwa Msambaa kama wengine, haya yote aliyajua. Alichonga kijiti kimoja kirefu kuliko vingine, akasema hicho ni cha firigisi peke yake, kitakaa juu ya sinia kama bendera.

Sijawahi kuona mtu akipika kwa furaha kama ile. Tangu Jumamosi nyama ilikuwa imelazwa kwenye binzari, mchaichai uliopondwa na paipai bichi, maana jogoo wa kienyeji hashindwi kwa maneno matupu. Vijiti vya mianzi vililowekwa ndani ya beseni visije vikaungua. Kazi yetu watoto ilikuwa kufikicha karanga na kupuliza maganda, na kwa kila pumzi moja tulikula mbili, mpaka Shangazi akatufukuza huku anacheka. Alizitwanga kinuni mpaka zikatoa mafuta, akazitia kwenye tui la nazi iliyopandishwa kutoka Mombo, akaweka ukwaju, pilipili na sukari guru. Rojo likachemka polepole, zito, jekundu kwa mbali. Wali aliufunga ndani ya majani ya mgomba akauchemsha hadi ukashikamana, ukakatwa vipande kama sabuni. Palikuwa na kachumbari ya matango na karoti ndani ya siki. Na palikuwa na bakuli la mshunga, ile mboga yetu chungu, ili wazee wasije wakasema wamelishwa Kizungu.

Mifupa, shingo, miguu na firigisi vilikuwa vinachemka kwenye sufuria ya supu. Wageni walipokaribia, Shangazi alipaswa kwenda kuvaa.

"Wifi," akamwambia Mama, "niangalizie firigisi yangu isije ikapondeka. Nikirudi naichoma."

"Nenda ukavae, wifi. Mimi nipo."

Nilikuwa nje nachezea maganda ya karanga. Mama akatoka kwa mlango wa nyuma, akaniita kwa kidole mpaka kwenye migomba. Mkononi alikuwa na kitu ndani ya jani, kinatoa mvuke. Akakifungua. Nilipoiona nikarudi nyuma.

"Kula," akasema.

"Mama, ni ya wazee."

"Nimesema kula. Upesi. Na usimwambie mtu, hata baba yako."

Ilikuwa ya moto, imara kwenye meno, na chumvi yake naikumbuka mpaka leo. Mama alinitazama hadi nilipomeza, akanifuta mdomo kwa upande wa kanga yake. Niwaambie ukweli, sikuwahi kujisikia kupendwa kama siku ile. Niliwaza kwamba kati ya watoto wake wote kanichagua mimi, akavunja hata mwiko wa wazee kwa ajili yangu. Nilirudi kwenye maganda yangu najiona malkia.

Wageni wakafika, shikamoo zikazunguka, wakakaa. Alikuwepo Zakaria na baba yake mkubwa, mzee mrefu mwenye koti la sufu, na wengine wawili. Shangazi aliporudi jikoni na gauni lake la bluu, nilimwona akipitisha mwiko ndani ya supu mara ya kwanza kwa utulivu, mara ya pili kwa haraka. Kisha akaimwaga yote kwenye beseni, akaitafuta kwa vidole, supu ya moto ile.

"Wifi, firigisi iko wapi?"

"Si ilikuwa humo? Labda paka."

"Paka anafunua sufuria?"

"Sasa mimi nijue mambo ya paka? Peleka chakula, watu wamekaa."

Akapeleka. Angefanya nini? Baba akaomba baraka, sinia likatua, na kwa muda mfupi kila kitu kilikuwa kizuri. Zakaria alichovya kijiti kwenye rojo, akala, akafumba macho. Wale wawili wengine wakachukua cha pili kabla hawajamaliza cha kwanza. Ila yule mzee hakula. Alikuwa akiinua vijiti kimoja kimoja na kuvirudisha, kwa adabu, kama mtu anayetafuta miwani yake. Mwishowe akamgeukia Baba.

"Shemeji, jogoo huyu alizaliwa na firigisi?"

Baba akamtazama Shangazi. Shangazi akatazama sakafu. Na hapo, kutoka mlangoni, Mama akasema kwa sauti yake tamu ya kwaya, "Mtusamehe, wazee wangu. Wifi yangu kazoea kupikia watu wa nyumba za wageni. Huko sijui hizi firigisi huwa wanazipeleka wapi."

Mzee akaomba maji ya kunawa, akanawa mikono ambayo haikuwa imeshika chakula. Akamwambia Baba kwa Kisambaa, taratibu, kwamba mwanamke akianza kula vya wenzake jikoni kwao, kwa mume atakula nyumba nzima. Wakashukuru, wakasimama. Zakaria alibaki nyuma kidogo, kijiti mkononi, kisha akawafuata wazee wake. Huyo naye simsamehe. Mtu mzima, fundi, mwenye nyumba yake, kashindwa na kipande cha kuku.

Siku zilizofuata mshenga alikuja kusema wa Mlola wamepata mahali pengine. Baba hakuongea na dada yake kwa muda mrefu, na alipoongea alisema karanga zisipikwe tena nyumbani kwake. Shangazi alirudi kwenye maharage na kabichi. Nilimhurumia, lakini huruma ya mtoto ina usingizi mwingi. Sikuwahi kuunganisha kile nilichokula kwenye migomba na kile kilichokosekana kwenye sinia kama kazi ya mkono mmoja. Kwangu zilikuwa habari mbili: moja ya Mama kunipenda, nyingine ya Shangazi kukosa bahati.

Nilikuja kuziona ni habari moja siku ya posa yangu mwenyewe. Baba alishatangulia mbele ya haki. Kuku walikuwa wengi safari hiyo, shangazi na mama wadogo wamejaa jikoni, na Mama kasimama juu ya sufuria na kanga kaifunga kiunoni, anahesabu viungo kwa sauti. Akachota firigisi ya jogoo mkubwa, akaiweka kwenye kisahani, akaifunika.

"Hii asiiguse mtu," akatangaza. "Ikipotea hii, posa imekwenda nayo. Mnanisikia?"

Alisema kwa moyo mweupe kabisa. Alikuwa amesahau, na hilo ndilo lililonichoma kuliko yote. Pembeni, kwenye beseni la vyombo, mikono ya Shangazi ilisimama ndani ya maji, halafu ikaendelea kusugua.

Wageni walipoondoka, posa imekubaliwa na watu wanapiga vigelegele, nilimkuta bado yuko kwenye vyombo. Nikachuchumaa kando yake. Nilipofungua mdomo akanizuia kwa kichwa.

"Usiseme, mwanangu. Nilijua siku ileile. Nilikuosha uso jioni, nikaisikia mdomoni mwako."

"Sasa kwa nini hukusema?"

Akanitazama kama nimeuliza swali la kitoto.

"Niseme, halafu nikalale wapi?"

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Shangazi hakuhitaji wahenga. Alijua, akakaa, akatulea, akatusomesha kwa kabichi zake, na kila asubuhi alimpokea wifi yake kikapu. Mimi ninayewaandikia haya nilikuwa jani la mgomba tu, kitu cha kufungia. Ule upendo nilioutunza miaka yote kama hazina, Mama alikuwa anatafuta mahali pa kuficha nyama. Angeweza kuitupa chooni. Nimewaza sana kwa nini hakuitupa, na jibu nililonalo ni kwamba Mama hapendi kuona chakula kikiharibika.

Siku hizi miguu ya Mama imekufa ganzi, hasimami. Nilimwomba Shangazi aje akae kwangu, nina chumba, nina nafasi, nina watoto wangependa kuonja mkono wake. Alikataa. "Nikija huko, mama yako atageuzwa na nani?" aliniuliza, na kweli sikuwa na jina la kumtajia.

Basi nikipanda Magamba huwasalimia wote wawili. Shangazi nampa shikamoo, namkumbatia mpaka analalamikia mbavu zake. Mama nampa shikamoo yake, kwa sababu ni mama yangu na ndivyo nilivyolelewa. Anaitika marahaba, kisha anageuza kichwa kwenye mto na kumwita wifi yake amletee maji ya kunywa.