Uso Uliokataliwa Mara Mbili

Tuhuma ya kwanza aliyowahi kutupiwa Mama Dobi katika maisha yake yote ilikuwa kwamba uso wake si wake. Alitupiwa hadharani, mbele ya kaunta ya kampuni ya ndege, sanduku lake likiwa limekwishapimwa. Pasipoti na karatasi ya viza vilikuwa mkononi mwa mhudumu aliyevaa shati ambalo, kwa maneno ya Mama mwenyewe, lilipigwa pasi na mtu aliyekuwa akiwaza mambo mengine.

Mhudumu alitazama pasipoti, akamtazama yeye. Akatazama karatasi ya viza, akamtazama tena, safari hii kwa muda mrefu.

"Mama, pasipoti ni ya kwako. Lakini hii viza ina picha ya mtu mwingine."

"Ni mimi huyo, mwanangu."

"Huyu hana kovu."

Kovu la Mama Dobi linaanzia chini ya jicho la kushoto na kushuka hadi kwenye taya. Alilipata akiwa msichana, siku kifuniko cha pasi ya mkaa kilipofunguka na makaa yakamrukia usoni. Mtaani kwetu hakuna anayelishangaa. Pale kaunta aliinua kiganja, akalifunika lote, akasema kwa utulivu, "Haya, nitazame sasa."

Mhudumu alitazama. Abiria waliokuwa nyuma nao wakanyoosha shingo. Mmoja akasema, "Ni yeye kabisa, hata pua ni ile ile."

"Pua sikuazima, baba," Mama akamjibu bila kugeuka.

Mhudumu akashusha sauti. Sitamlaumu kijana huyo, kwa sababu alisema ukweli ambao wakubwa zake hawajathubutu kuusema: "Mimi naona kwamba ni wewe, mama. Ila siruhusiwi kukupandisha ndege kwa kile ninachokiona mimi. Viza na mtu visipofanana, kampuni inapigwa faini, na mimi nafukuzwa."

"Basi mwite huyo anayeruhusiwa kuona."

Hakuwepo wa kuitwa. Ofisi iliyotoa viza iko katika nchi aliyokuwa akiiendea, na kwa mwombaji ofisi hiyo ni tovuti tu. Namba ya simu iliyoandikwa chini ya karatasi ilipopigwa, sauti iliyorekodiwa iliwaelekeza warudi kwenye tovuti. Mama Dobi akalilaza sanduku lake mbele ya kaunta, akakaa juu yake, akakataa kuondoka. Foleni ikazunguka pembeni yake. Alikaa hivyo mpaka kaunta ikafungwa na walinzi wakaja kumbebea sanduku kwa adabu kubwa, wakimwita mama kila neno la pili. Ndege ikaondoka bila yeye.

Wapo watakaosema upesi kwamba mama huyu alighushi picha, na kwamba aliyeghushi hana haki ya kulalamika. Hao nawaomba wasome mpaka mwisho, kisha waamue nani alimfuta nani.

Mama Dobi ana chumba kimoja cha kazi kinachotazama barabara. Ndani yake mna meza iliyovikwa blanketi lenye alama za kuungua, waya uliotandazwa toka ukuta hadi ukuta, na pasi mbili za umeme, moja ikiwa mgonjwa wa kudumu. Mumewe alifariki mapema. Kwa meza hiyo alimlea binti yake wa pekee, akamsomesha, akamwona anaondoka kwenda ng'ambo na kuolewa huko na baharia wa meli za mizigo. Suti nyingi zilizowahi kupanda ndege kutoka mtaani kwetu zilipita kwanza chini ya mkono wake. Anajua kitambaa gani kitafika kimenyooka na kipi kitafika kama kilitafunwa. Wateja walizoea kumtania: "Mama, wewe unasafirisha watu tu, mwenyewe lini?" Naye hujibu, "Nikienda mimi, ninyi mtasafiri na makunyanzi."

Kisha binti yake akapata mimba ya kwanza, nayo ikawa ya mashaka tangu mwanzo. Daktari akaamua kwamba mtoto atatolewa kwa upasuaji. Binti akapiga simu.

"Mama, wakishanipasua, nikifumbua macho nataka nikuone wewe. Sitaki nimwone nesi kwanza."

"Na mumeo?"

"Yuko majini. Meli haigeuzwi kwa ajili ya mke wa mtu."

"Basi nakuja," Mama akasema, akachomoa pasi kwenye umeme kana kwamba ndege ilikuwa ikimsubiri mlangoni.

Nchi ile huwapa wazazi wanaokwenda kuwatembelea watoto wao viza ya utalii, na viza hiyo huombwa kwa mtandao. Nakiri kwamba utaratibu huo, kwa asili yake, ni mzuri. Zamani mtu alilazimika kusafiri hadi mji mkuu, apange foleni nje ya ubalozi, arudishwe kwa kukosa nakala moja. Sasa Mama Dobi alivuka barabara tu, akaingia katika duka la fotokopi, na fundi wa kompyuta wa pale akamjazia kila kitu huku akimsomea swali moja moja kwa sauti.

"Wanauliza madhumuni ya safari."

"Waambie binti yangu anajifungua."

"Hapa kuna utalii, biashara, na mkutano."

"Basi mkutano. Tunakwenda kukutana na mjukuu."

"Tuweke utalii, mama, tusije tukafungwa wote."

Majibu yote yalipita. Kilichokwama ni picha. Mashine ya tovuti iliipokea, ikaitafakari kidogo, kisha ikaandika kwa herufi nyekundu: *Uso hauonekani kikamilifu. Ondoa kivuli.* Wakarudi kwa mpiga picha aliyeipiga, ambaye studio yake imepakana na duka hilo. Mpiga picha akasogeza taa, akampiga upya. *Ondoa kivuli.* Mama akaleta shuka lake jeupe, alilolinyoosha mwenyewe, likatundikwa nyuma yake. *Ondoa kivuli.* Wakajaribu nje, kwenye mwanga wa mchana, mpiga picha akiwafukuza wapita njia wasije wakaweka vivuli vyao. Jibu likawa lile lile.

Aliyegundua ni fundi wa kompyuta. Aliikuza picha kwenye kioo, kisha akasema kwa aibu, kama vile kosa ni lake, "Mama, nadhani kivuli inachokisema ni hicho cha shavuni."

Mama Dobi akagusa shavu. "Hiki nitakiondoaje? Niliambiwa nikitunze kisioze."

Fundi alitafuta mahali pa kueleza. Kwenye tovuti palikuwa na kidirisha cha maswali. Akaandika kwamba mwombaji ana kovu la moto, la kudumu, na pasipoti yake inalionyesha. Kidirisha kikashukuru kwa kuwasiliana nacho, kikamshauri aondoe kivuli. Akatuma barua pepe. Likaja jibu lililosema lenyewe lisijibiwe.

Hapo ndipo inapoingia desturi ya mpiga picha wetu. Tangu alipofungua studio hajawahi kumkabidhi mtu mzima picha ambayo hajaisafisha. Wajane aliwapunguzia uvimbe wa macho, vibogoyo akawarudishia meno, na mzee mmoja aliongezewa nywele mpaka wajukuu wakauliza ni nani. Kwake yeye hiyo ni heshima: mtu asitoke studio na shida zake zote usoni. Kwa picha ya viza alikuwa amejizuia, maana masharti yalikataza kuhariri. Sasa alikuja dukani, akasimama nyuma ya kiti cha fundi, akakohoa.

"Dada, nami nilikuwa najizuia tu. Niruhusu nikusafishe kidogo."

"Masharti si yanakataza?"

"Masharti yanakataza, mashine inaamuru. Tumtii nani?"

Akalifuta kovu. Aliifanya kazi hiyo kwa uangalifu, akailinganisha rangi ya shavu moja na la pili, wala hakugusa kitu kingine. Mama aliitazama picha kwa muda.

"Huyu ni mimi kabla ya pasi," akasema. "Na wakiniuliza?"

"Nani akuulize," fundi akamjibu, "wakati wenyewe watakuwa wamemkubali?"

Kwa kweli walimkubali papo hapo. Viza ikaja, ikachapwa, ikapigwa fotokopi kwa ajili ya tahadhari, na mtaa mzima ukamsindikiza kwa maneno ya kheri. Ndivyo alivyofika kaunta na uso wake halisi, ule ule ambao mashine ilikuwa imekwisha kuukataa.

Kosa lilitendeka, sifichi. Masharti yalivunjwa. Lakini nauliza, kabla ya kuvunjwa, yalimwachia mama huyu njia gani ya kuyatii? Alipeleka uso wake wa kweli mara kwa mara, akaambiwa auondoe. Alipouondoa, akaambiwa aurudishe. Mashine haikutaka kumwona alivyo, na binadamu aliyemwona alivyo alikatazwa kuyaamini macho yake. Katikati ya hao wawili palikosekana mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema, "Mama, nimekuelewa, pita."

Binti alipasuliwa bila mama yake. Alipofumbua macho alimwona nesi. Mtoto ni wa kike na ni mzima, lakini mama mzazi kidonda kilimsumbua, na kumwinua mwanawe kulimtoa machozi. Kwa hiyo Mama Dobi akawa anamwogesha mjukuu kwa simu. Binti huiegemeza simu kwenye taulo, na bibi, akiwa amesimama kwenye meza yake ya pasi, hutoa maelekezo huku mikono yake ikifuata hewani.

"Shika shingo. Si hivyo, mwanangu, kiganja kiwe chini. Ndiyo. Sasa geuza taratibu."

"Ananiteleza, mama."

"Hatelezi. Anakupima tu kama unajua."

Mteja akiingia wakati huo husubiri. Hakuna anayemharakisha.

Amekwisha kuomba upya. Mpiga picha alijitolea kumsafisha tena, kwa ustadi zaidi, abakishe alama kidogo ya kumridhisha mtu wa kaunta. Mama alikataa. "Nikifutwa tena nitarudishwa tena," alisema. "Safari hii nakwenda mzima." Picha yake ya kweli imepelekwa, na jibu ni lile lile la herufi nyekundu. Mimi, jirani yake, nilikwenda naye hadi ubalozini. Mlinzi wa getini, bila ubaya wowote, alitueleza kwamba viza za utalii hazishughulikiwi pale siku hizi, kila kitu ni mtandaoni.

Basi nawaambia ninyi mlioiweka mashine hiyo mlangoni mwa nchi yenu, na ninyi wa ubalozi mnaojificha nyuma yake: mashine haikujiajiri, mmeiajiri ninyi, na uamuzi wake ni uamuzi wenu. Wekeni mtu. Mpeni dirisha, mpeni simu inayopokelewa, mpeni ruhusa ya kutazama pasipoti na uso na kuamini anachokiona. Wenye makovu, wenye mabaka, waliopooza upande mmoja, wote wapite kwake bila kuambiwa kwanza wajiondoe. Nanyi wa kampuni za ndege, mnaotoza nauli za wanadamu, wapeni wahudumu wenu namba ya mtu huyo, wasiachwe peke yao kati ya faini na dhamiri. Ombi la Mama Dobi liko mbele yenu. Lifungueni wiki hii, mmtazame, mmpe viza yake, kungali na mtoto mchanga wa kuogeshwa na mzazi asiyeweza kuinama.