Bamba ya Ayeyo

Enzi zetu, kabla watoto hawajaanza kuamshwa na simu, mji wetu mdogo wa kando ya Tana, kusini mwa Garissa, uliamshwa na king'ora cha jineri. Hiyo ndiyo nyumba ndefu ambamo pamba ya mashambani ilitenganishwa na mbegu zake. Sisi tuliiita Bamba, maana ndimi zetu za Kisomali haziivani na p. Mwalimu wetu wa Kiswahili, mtu wa Mombasa, alihangaika nasi mno. "Pamba, jamani! Bamba ni kipande cha chuma!" Darasa zima tukaitikia kwa furaha, "Ndiyo mwalimu, bamba!" Maskini, akashika kichwa.

Ayeyo, bibi yetu mzaa mama, alikuwa mchambuzi wa pamba humo. Tukitoka duksi, vibao vya Kurani kwapani, tulimpitia ili turudi naye nyumbani. Tulijirusha kwenye lundo la pamba mpaka nywele zikawa nyeupe kama za vikongwe, tukapiga chafya hadi machozi yakatoka. Wasichana tulitengeneza wanasesere, na mbegu tukawapa mbuzi. Jioni tulikula anjera kwa chai ya maziwa ya ngamia, na hapakukosa uzi wa pamba ukiogelea kikombeni. "Kunyweni," Ayeyo alisema, "hiyo ni riziki."

Katikati ya miaka ya tisini king'ora kikanyamaza. Wakulima walichoka kulima pamba isiyopata mnunuzi, na wafanyakazi wakaambiwa wasubiri. Wengine walienda zao kuuza miraa na nguo. Ayeyo alisubiri kwelikweli. Kila Jumamosi alibeba ufagio, akafagia sakafu ya Bamba, akafunika mashine kwa magunia, na kila baada ya swala aliomba izunguke tena. Tulimcheka. Naye alitujibu, "Nyumba yenye paa haijafa."

Kisha tajiri mwenye jineri akapita, akamwachia maagizo mlinzi, Adeer Jelle: lori likija, lipakie pamba yote iliyobaki. Lori likaja Ijumaa na wapakizi wa kutoka pwani. Adeer akawaambia kwa heshima zote, "Mzee amesema chukua bamba yote," halafu akaenda zake msikitini. Aliporudi, nusu ya paa ilikuwa juu ya lori.

Ayeyo alifika mbio, kiatu kimoja mguuni.

"Nyinyi watu, wallahi, mnafanya nini? Bamba iko ndani, nyinyi mnabomoa nyumba!"

"Mama, si tumeambiwa bamba?" mpakizi akamjibu, akigonga bati kwa kidole. "Na hili ni nini?"

"Hiyo ni mabati! Bamba ni ile nyeube!"

Mji mzima ulicheka, hata mimi. Ayeyo peke yake ndiye aliyekaa chini mchangani akalia. Dereva alikataa kushusha mzigo mpaka apate amri ya tajiri, akaapa kwamba mabati yatarudi. Hayakurudi. Mvua kubwa zilipokuja ziliingia moja kwa moja, pamba iliyoachwa ndani ikalowa, mashine ikashika kutu, na Ayeyo akaacha kwenda Jumamosi. Pamba tuliyowahi kuikausha aliigawa nyumba kwa nyumba. Sisi tulishonewa mito, na Ayeyo akajishonea wake. Ndio alioulalia mpaka Mungu alipomchukua. Najuta kucheka siku ile.

Leo kuta za Bamba bado zimesimama, mbuzi wanapumzika kivulini mwake. Mwaka jana nilimpeleka binti yangu kutoka Nairobi akaione. Alishuka garini na viatu vyake vyeupe, akajitazama kwenye simu, akasema, "Mum, cheki vile nimepiga pamba." Kwao pamba ni kupendeza kwa mavazi! Nikamwonyesha alipokaa Ayeyo na mahali mashine ilipokuwa. Akaniuliza kama pamba huchimbwa ardhini au hutoka kwa kondoo. Nilicheka.

Usiku ule alikataa kulalia mto wa Ayeyo kwa sababu ni mgumu. Nikaulalia mimi. Ukweli ni kwamba umeshikana mabonge, na bado nikiubonyeza nahisi mbegu moja moja zilizomponyoka Ayeyo. Watoto wetu wanalitamka neno sawasawa, mashallah, p yao imenyooka. Sisi tulisema bamba, lakini pamba tulikuwa nayo.