Mistari Minne Iliyobaki

Madereva wa ikulu walimwita Mama Mkato, maana pale yeye ndiye wa mwisho aliyeandika hatimkato, vijistari ambavyo mwingine angedhani kuku kapita na matope. Miaka ishirini na mitatu alikaa kwenye kona ya chumba cha washauri wa usalama, akiandika ya wakubwa na kuyameza.

Mheshimiwa hakupenda kusoma. Kila kikao kilimfikia asubuhi kikiwa ukurasa mmoja, na Mama Mkato ndiye aliyekipunguza.

Siku ile walijadili kuvusha kikosi cha tatu mtoni. Mwana wa pekee wa Mama Mkato alikuwa dereva wa lori kikosini humo.

"Daraja lile halibebi malori," alisema jenerali mstaafu, mshauri wa mambo ya jeshi. "Nalijua. Tungoje maji yapungue."

Mshauri mkuu akatabasamu. "Mzee, siku hizi kwako hata mtaro ni bahari."

Wakacheka. Jenerali alilirudia hadi mara ya tatu, kisha akafunga faili lake.

Baadaye mshauri mkuu aliinama mezani kwa Mama Mkato. "Dada, la mzee liache. Tusimtie Mheshimiwa wasiwasi."

"Lakini bosi, kalisema mara tatu."

"Na mara tatu hakuungwa mkono. Andika kikao kiliafiki."

Aliandika hivyo. Chini ya ukurasa ikabaki nafasi ya mistari minne. Aliitazama kitambo, akaipeleka karatasi ilivyo. Mheshimiwa alitia saini kabla chai haijapoa.

Jioni mwanawe alipiga simu. "Mama, tunahamishwa. Wewe mtu wa wakubwa, hujasikia kitu?"

Alikumbuka kiapo chake cha kutunza siri. "Sijasikia, baba. Usisahau sweta."

"Sweta tena? Mama, mimi ni askari."

Daraja lilikatika Alhamisi, lori la mwanawe likiwa katikati.

Siku ya pili ya msiba jenerali alikuja, akaketi karibu naye kwenye mkeka, magoti yakimsumbua.

"Pole, mwanangu. Nilisema."

"Ulisema, mzee. Ninayo." Akatoa chini ya mto daftari lake la hatimkato, lile ambalo kwa kanuni ya ikulu lilipaswa kuchomwa moto Ijumaa.

Jenerali akaligeuzageuza. "Sioni kitu humu. Nisomee."

Akamsomea maneno yake, mara ya kwanza, mara ya pili. Ya tatu aliishia katikati, mzee akaimalizia mwenyewe bila daftari.

"Nafasi ilikuwepo," Mama Mkato akasema. "Mistari minne, mzee. Maneno yako yangeenea hapo."