Shamba Lisilo na Migomba

Juzi juzi nilipanda lori la maharage kutoka Kibondo kurudi Kasulu, na dereva akasimama njiani kubadili tairi. Niliposhuka kunyoosha miguu nikakuta tumesimama chini ya kilima chetu. Ningekipita bila kukitambua. Lami imelala pale palipokuwa na vumbi jekundu lililotuingia mpaka kwenye meno, na mteremko wote, kutoka barabarani hadi juu kwenye jiwe kubwa, ni migomba mitupu. Minene, imefungamana kiasi kwamba nyumba hazionekani. Mtu mwingine angesema pamependeza. Mimi nilishikwa na hasira pale pale, na wewe rafiki yangu nisikilize kwanza, halafu utaniambia kama ninaonea watu.

Kilima kile ndipo bibi yangu, mama wa mama, aliponilea. Alivuka kutoka Burundi wakati wa mauaji, mama akiwa mtoto wa mgongoni, na kichwani chungu cha kupikia. Mama alipokua akanizaa, akaniacha kwa bibi, akaenda kutafuta maisha Tabora, na maisha hakuyapata. Sisi hatukukaa kambini. Bibi aliingia katika kijiji cha Waha, na kwa kuwa Kiha na Kirundi vinaelewana bila mkalimani, alipokewa kama mtu aliyechelewa tu kufika. Mzee mmoja pale alimkatia kipande kwenye shamba lake, akamwambia alime ale. Mke wa mzee huyo ndiye aliyekuwa jirani yetu, na nyumba zetu zilitenganishwa na njia ya mbuzi.

Nikikumbuka kile kilima, kwanza nakumbuka baridi. Mwezi wa sita na wa saba ukungu ulikuwa ukilala bondeni mpaka jua lipande, na mimi nikitumwa maji nashuka ndani yake bila kuona miguu yangu. Chini kulikuwa na kijito chembamba chenye maji ya kuuma vidole. Nikipanda na ndoo nasikia mchi wa jirani ukitwanga muhogo, na sauti yake akitusalimia kutoka uani kwake, "Mwakeye!", hata kabla hajatuona. Nyumbani kulikuwa na moshi, maharage kwenye kile chungu cha safarini, ugali wa muhogo, mboga za lengalenga zilizotiwa mawese. Tulishiba. Sitaki mtu adhani nasimulia habari za njaa.

Tulichokosa ni migomba. Nyumba zote za kijiji zilikaa ndani ya migomba, kila moja na yake, ikianzia ukutani na kuteremka mpaka mpakani. Huko kwetu mgomba ulikuwa zaidi ya chakula. Maharage unalima msimu huu, msimu ujao anaweza kulima mwingine, hakuna atakayeshangaa. Lakini ukipanda migomba umesema utakaa, wajukuu wako watakuja kukata mikungu palepale, na kijiji kizima kinajua mpaka wako uko wapi. Ndiyo maana watu wengi waliowapa wakimbizi mashamba waliwakataza kupanda kitu cha kudumu. Yule mzee wetu alikuwa na moyo wa aina nyingine. Kila mvua za kwanza alimtuma mkewe kwetu na miche mitatu, minne, mizuri, mizizi bado ina udongo.

Na bibi hakuipanda. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru sana, akailaza nyuma ya nyumba mpaka ikakauka. Mbuzi wa jirani walimaliza majani yake, na mwaka uliofuata jirani alileta mingine. Siku moja mzee mwenyewe alikuja, akasimama mlangoni na fimbo yake.

"Mama, panda migomba," alisema. "Mimi nimekubali na nimesema mbele ya wanangu. Hapa kwetu shamba lisilo na migomba hatulihesabu kuwa la mtu."

"Ninayo migomba yangu, mzee wangu. Niliiacha inazaa. Nitaikuta."

"Utaikuta lini?"

"Tuzotaha," bibi alisema, yaani tutarudi kwetu, na akamletea kigoda akae.

Hilo neno nililila pamoja na uji. Nikirarua nguo, tuzotaha, utashonewa mpya kwetu. Paa likivuja, tuzotaha, nyasi hizi zinatosha. Wenzake walianza kufyatua matofali, yeye akaendelea kukandika udongo. Jioni tukichambua maharage alinifundisha kwao, na alifundisha vizuri kuliko mwalimu yeyote niliyempata baadaye. Kilima cha kwao kilikuwa na chemchemi mbili, ya juu ya kunywa, ya chini ya kufulia. Kanisa liko kushoto ukitoka kwenye daraja la magogo. Kwa shangazi yake unapita kwenye mtama, kwa baba yake unapita chini ya migomba ya pombe, halafu unaingia kwenye migomba yake mwenyewe, ya kupika, aliyoipanda alipoolewa. Alinihoji mpaka nikaweza kutembea kule kwa kichwa bila kupotea. Siku za anga safi alinipeleka juu kwenye jiwe kubwa akanionyesha ukingo wa milima wa rangi ya moshi upande wa magharibi. Pale, aliniambia, nyuma ya pale. Kile kijito tulichokunywa kila siku alikiita kagezi, yaani kijito tu, na jina lake hakuwahi kuuliza.

Basi darasa la nne mwalimu wetu wa historia na jiografia akatuambia kila mtoto asimame aeleze kijiji chetu na jinsi familia yake ilivyofika pale. Wenzangu wakasimama. Babu wa huyu alifyeka msitu akaua chui. Babu wa yule alihamishwa na serikali kutoka bondeni wakati wa vijiji, akabeba mlango wa nyumba yake kichwani. Zamu yangu ilipofika nikatoa yote. Chemchemi mbili, daraja la magogo, kanisa kushoto, mtama wa shangazi. Nilisema kwa furaha kabisa, maana hakuna aliyekuwa na kijiji chenye habari nyingi kama changu.

Mwalimu aliniacha nimalize. Hakuwa mtu mbaya.

"Hiyo ni jiografia ya nchi nyingine," alisema. "Ya hapa je? Huu mto mnaoteka maji unaitwaje?"

Nikasema unaitwa Kagezi. Darasa zima likalia kwa kicheko, pamoja na mtoto wa jirani ambaye asubuhi ile tulikula naye kiporo.

Nilirudi nyumbani nimevimba. Nilimwambia bibi kwamba amenitia aibu, kwamba nataka migomba kama watu. Nilidhani atanichapa. Aliendelea kupepeta mtama, halafu akasema, "Mwalimu wako amesema kweli, mwana wanje," yaani mwanangu. "Hapa tuko njiani." Nilikuwa nimezaliwa katika njia hiyo, nimeota meno katika njia hiyo. Jioni ile nilivuka kwenda kwa jirani nikala ndizi zilizopikwa na maharage, mawese yanatiririka mpaka kwenye kiwiko, na nilipolala bibi akainusa mikono yangu. Kisha akageukia ukutani.

Kisha kukawa na habari za amani kule, na wenzetu wengi wakapanda malori ya kurudi. Bibi alisema atangulize mtu aone. Alikuwapo bwana mmoja wa kilima chao, naye alikwenda. Miezi ikapita, tukamwona anapanda njia na kifurushi kidogo kuliko alichoondoka nacho. Alikaa kwetu, akapewa maji, akayanywa yote kabla ya kusema. Kilima kipo. Chemchemi zipo. Kwenye kiwanja cha bibi wanakaa watu wengine, nao walipaona hapana mwenyewe. Migomba aliyoipanda alipoolewa waling'oa wakaweka kahawa. Bibi aliuliza kama walibakiza hata shina moja. Yule bwana akatazama kikombe chake, akasema hapana.

Ndipo bibi yangu alipotaka kupanda.

Mvua zilipoanza alichukua jembe akachimba mashimo mwenyewe, makubwa, akatia samadi, mgongo umemwinama. Halafu alinishika mkono tukavuka njia ya mbuzi kwenda kuomba miche. Lakini mzee alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na shamba lilikuwa limegawanywa kwa wanawe. Kipande chetu kilikuwa kimemwangukia mkubwa wao. Alitukaribisha vizuri, akamwita bibi "mama" kama baba yake alivyomwita, akatuwekea ndizi mbivu kwenye sinia. Bibi alipomaliza kueleza, yule kijana akacheka kidogo, kwa aibu, akitazama pembeni.

"Mama, wewe lima maharage tu, kama siku zote. Hakuna atakayekufukuza. Lakini migomba hapana."

"Baba yako alisema mbele yenu."

"Alisema panda, ukakataa. Sasa na mimi nina watoto."

Jirani yetu, mama yake, ambaye alikuwa ametuletea miche ile miaka yote, alikuwa amekaa palepale akimenya muhogo. Bibi alimtazama. Nami nilimtazama, maana nilijua yeye akisema neno moja mwanawe atanywea. Alimenya ule muhogo mpaka ukabaki mwembamba kama kidole, na neno hilo hakulisema. Yeye naye alikuwa mjane anayekula kwa mkono wa mwanawe, najua. Naelewa yote hayo, na bado sijamsamehe.

Tulirudi nyumbani na bibi akapanda maharage kwenye yale mashimo. Yalizaa vibaya sana, samadi ilikuwa nyingi, yakawa majani tu. Hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Tulimzika kwenye pembe ya shamba, wanakwaya wa kanisa wakaimba Kirundi na Kiha kwa pamoja, na yule kijana mkubwa ndiye aliyechimba kaburi, kwa jasho lake, akakataa hata kinywaji. Ndivyo walivyo watu wale, na ndiyo maana hasira yangu haina pa kukaa. Msimu uliofuata nilikuwa nimechukuliwa na shangazi mmoja wa kanisani kwenda Kasulu, nyumba yetu ya udongo ikanyeshewa ikarudi kuwa udongo, na aliyebaki na shamba akaanza kupanda migomba.

Sasa siku hii ya lori nilipanda kilima. Nilimkuta yule kijana wa siku zile, amekuwa mzee, mvi kichwa kizima, na alinitambua kwa sauti. Alifurahi, hilo siwezi kumnyima. Aliniambia mama yake alishatangulia. Nikamwomba anionyeshe kaburi la bibi. Tukaingia migombani, akaenda mbele akisogeza majani makavu kwa mguu, akasimama, akasema ni hapa, akasogea, akasema au pale, msalaba ulikuwa wa mti na mchwa hawana adabu. Nilipiga magoti mahali pa katikati. Nilikuwa nimekusudia kusali, lakini kilichonijia kichwani ni ile njia ya kule, chemchemi ya juu, chemchemi ya chini, kanisa kushoto. Kule sijawahi kukanyaga hadi leo. Nikatazama huku na huku nikitafuta jiwe la jiko, mahali pa mlango, njia ya mbuzi, kitu chochote cha kunishika mkono, na hapakuwa na kitu. Miaka yote ile ya kuteka, kutwanga na kufagia, na hatukuacha alama hata ya kukwaa.

"Bibi yako alikuwa mtu mwema," alisema nyuma yangu. "Ila hakupapenda hapa."

Nikasimama. "Alikuja kukuomba. Nilikuwepo, mkono wangu ulikuwa ndani ya wake."

Alikuna mvi zake, akijaribu kukumbuka. Sikuona uongo usoni mwake. Alikuwa amesahau kweli, na nadhani hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwamba siku ile iliyommaliza bibi yangu ilikuwa kwake siku ya kawaida ya kuketi na mgeni. Akasema mambo ya zamani hayo, dada. Akakata mkungu mzuri, akasisitiza niubebe, na mimi, unicheke ukitaka, niliubeba.

Watu huniuliza siku hizi kama nina uchungu na waliomfukuza bibi kule. Hao siwajui hata sura. Uchungu wangu ni wa hapa, tena nusu yake ni kwake yeye, aliyenifundisha kilima kisichokuwepo na kuninyima kile nilichokuwa nimesimama juu yake. Karatasi za uraia ninazo, picha yangu ipo, mhuri upo. Lakini hakuna karatasi inayoweza kumwambia mtu kwamba hapa paliwahi kuwa na moshi wa jioni, na chungu, na mwanamke akimhoji mjukuu wake njia za nyumbani. Niliyekuwa najua hayo pamoja naye amelala mahali ambapo hata mwenye shamba amebahatisha.

Alipoona nakwenda aliwaita wajukuu zake wanisindikize mpaka barabarani, ndiyo heshima ya kwetu. Walinipokea mkungu wakaupokezana vichwani, wanaruka mitaro ambayo mimi nilitafuta pa kukanyaga. Tulipovuka kijito binti mkubwa akanishika mkono nisiteleze, akaniuliza, "Bibi, kwenu wapi?"

Nikamwambia, "Hapa."

Wakacheka mpaka mkungu ukataka kuanguka. Walidhani ninawatania. Binti akaona vibaya kumcheka mgeni, akawakemea wenzake, akaniuliza tena taratibu, kwa adabu zake zote.

Nikamjibu Kasulu mjini, na wote wakaridhika.